Mtu Aliyetaka Tuondoke Naye

Sikulazimishi uamini. Nimechoka kulazimisha watu. Mama yangu mzazi alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza kama siku ile nilikuwa nimekula. Nilikula, tena nilishiba. Na haya yalinipata mimi mwenyewe, nikiwa na akili zangu zote.

Aliyetuponza ni Deo. Ilikuwa ile miaka ya soko huria, mashirika yanauzwa, watu wanapunguzwa kazini, na kila aliyepunguzwa anaamka na wazo la biashara. Wenzake walifungua vioski, wakauza mitumba. Yeye, kijana wa Bukoba mwenye elimu yake, akaamua atawatembeza wazungu kwenye majengo ya kale yenye mizimu. Nikamwuliza, "Deo, ni mzungu gani atapanda ndege aje kuogopeshwa?" Hakunisikia. Akaazima pikapu ya mjomba wake na kutaka tumsindikize mwisho wa wiki, kufanya majaribio. Mimi ni fundi cherehani pale Mabatini, na nilikuwa na magauni ya harusi ya watu. Lakini Deo alikuwa mchumba wa Sabina, na Sabina ni rafiki yangu tangu shule. Ningekataaje?

Jumamosi asubuhi tukapanda kilima cha mawe kwenda kuona makaburi ya Wajerumani. Tukakuta mbuzi. Deo akawapiga picha.

Mchana tukafika kwenye ghala la zamani la pamba la Wajerumani, nje ya mji, kando ya ziwa. Kuta za mawe, nusu ya paa, popo wengi. Deo alikuwa ametuahidi kwamba hapo atakuwepo mwenyeji wa kututembeza. Kwa hiyo tulipotandika kanga kivulini tule, na mwanamume mmoja akaja akakaa kati yetu, mimi sikushangaa. Nikamkaribisha, nikamnawisha, akala.

Niamini, sijawahi kuona mgeni wa kukera kama yule. Alichukua kichwa cha samaki wetu sato bila kuuliza, na mimi ndicho ninachopenda. Shati lake lilikuwa limelowa chapachapa, jua lote lile, na alikaa akiniegemea. Jina hakusema. Jambo lake lilikuwa moja tu: "Mtaondoka na mimi?"

Sabina akamwambia ndiyo. Deo, mdomo umejaa ugali, akaitikia kwa kichwa. Yule mtu akanigeukia mimi. Nikamjibu ndiyo. Akauliza tena. Tunaosha vyombo, anauliza. Ninafunga kapu, anauliza. Mwishowe nikamkaripia: "Kaka, tutaondoka wote! Unataka nikuapie? Naapa!"

Akanyamaza. Nikasema moyoni, afadhali.

Jua lilipoanza kushuka tukaingia ndani ya ghala. Yule mtu alitutangulia kama anaingia kwake. Kwenye pembe ya giza kulikuwa na shimo sakafuni, na chini yake chumba kidogo cha mawe. Akalionyesha kwa kidole. "Walitufungia hapa," akasema. "Tulikataa kulima pamba. Wakasema wataludi kutufungulia. Yakaja maji." Ndivyo alivyotamka, wataludi, kama wazee wa kwao Sabina.

Deo akafurahi kama mtoto. Akarukia ndani ya shimo kulipima kwa hatua, akisema wazungu watalipenda. Hapo nikakereka kwelikweli. Nikamwita kutoka juu: "Deo, huyu mwenyeji wako anasema walitufungia. Yeye na nani? Wajerumani wameondoka babu zetu wakiwa vijana!"

"Mwenyeji wangu?" Deo akajibu. "Mwenyeji wangu hakuja. Huyo si kaka yake Sabina?"

Sabina akanitazama. "Kaka yangu yuko Shinyanga," akasema.

Tukageuka. Nyuma yetu hapakuwa na mtu.

"Nivuteni!" Deo akapiga kelele. "Jamani, nivuteni, kuna mtu huku!"

Tukapiga magoti kwenye ukingo wa shimo. Gizani mle nikaona mikono imeinuliwa. Mikono minne. Sabina akakamata mmoja, mimi nikakamata mwingine, tukavuta kwa nguvu zetu zote. Sasa niambie, wewe ungejua ni mkono wa nani? Niliovuta mimi ulikuwa wa baridi, wa baridi sana, na mwepesi kama kikapu kitupu. Alioushika Sabina ulikuwa wa Deo. Wangu ulikuwa wa yule mtu.

Akasimama mbele yangu, shati linachuruzika maji. "Asante, dada," akasema, akatoka mlangoni.

Tulipofika nje tulimkuta amekaa nyuma ya pikapu, mikono juu ya magoti, anasubiri.

Na unajua tulifanya nini? Tuligombana! Deo anataka Sabina amwambie ashuke, kwa kuwa waliofungiwa mle ni watu wa kwao Sabina. Sabina anataka Deo amwambie, kwa kuwa gari ni la mjomba wake. Wote wawili wakanigeukia mimi niliyeapa. Mimi nikapanda mbele na kufunga mlango. Hakuna aliyegeuka nyuma hadi tulipoziona taa za mjini, pale Pasiansi. Tulipogeuka hakuwepo, ila mahali alipokaa palikuwa na maji.

Deo aliachana na mizimu, akaoana na Sabina, wakahamia Bukoba. Wao hawasikii kitu. Mimi nilibaki hapa nyumbani Kiseke na mkono huu wa kulia, ambao haupati joto hata nikiuweka juu ya jiko. Nimejifunza kukata nguo kwa mkono wa kushoto. Nimepelekwa kwa padri, na kwa mganga pia, nisikufiche. Hakuna aliyesaidia. Kila ninapoinuka kuondoka mahali, iwe msibani au harusini, nasikia nyuma yangu: "Mtaondoka na mimi?" Hanidhuru. Anauliza tu, kwa ile sauti ya mtu aliyekwisha kuahidiwa. Majuzi kwenye ubatizo nikageuka na kufoka, "Baki hukohuko!" Kumbe safari hii alikuwa mama mkwe wa mdogo wangu, anaomba tuongozane. Mpaka leo nikimpa shikamoo haitikii.

Kwa hiyo nenda kwenye hayo magofu unayotaka kuyaona, sikuzuii. Lakini mtu usiyemjua akikuuliza kama mtaondoka naye, hata akikuchosha vipi, usimjibu ndiyo ili akuache. Hatakuacha.