Mgeni wa Kabla ya Usaili

Mke wangu alipoomba kazi ya usimamizi wa shule za wilaya, jopo la kwanza kumsaili lilikuwa mimi. Elimu yangu ni kidato cha nne, tena cha kusukumwa, na kazi yangu ni kushona sketi za shule sebuleni kwetu, mtaa wa Turffontein. Lakini nilikaa nyuma ya cherehani, nikakunja uso, nikauliza maswali kama niliyezaliwa serikalini.

"Mheshimiwa, kuna shule inafelisha kila mwaka. Utafanya nini?"

"Kwanza nitakwenda kuwasikiliza walimu."

"Jibu baya. Kwanza utamnunulia mumeo viatu."

"Viatu vya kwenda wapi, baba watoto? Wewe ukifika getini unarudi."

Kweli. Mimi ni mtu wa ndani. Hata hivyo njia ya kufikia kile kiti niliijua yote, kwa sababu ilipita jikoni kwangu. Kwanza shahada ya ualimu na usajili kwenye baraza la walimu. Kisha miaka ya ukuu wa shule, na masomo ya uongozi ya jioni, ambayo yalinifundisha mimi kupika. Cheti chake cha sekondari ni cha Morogoro, ambako alizaliwa wakati baba yake akiwa uhamishoni, kwa hiyo kilipelekwa Pretoria wakakipime kama ni elimu au ni mchezo. Leseni ya udereva, maana msimamizi hushinda barabarani akikagua shule. Mwisho alama za vidole polisi. Siku hiyo alirudi na vidole vyeusi akanipaka puani.

Halafu akaitwa kwenye usaili, na utani ukapungua. Wanaoishi mji huu wanajua kwamba vyeo vingine huwa na wenyewe kabla havijatangazwa. Tulikuwa tumesikia habari za walimu wakuu waliopigiwa simu wajitoe, na za wengine waliosubiriwa getini kwao na bunduki. Tulizisikia kama mtu anavyosikia mvua ya mtaa wa pili.

Alasiri moja, siku chache kabla ya usaili, mtu aligonga geti. Shati limepigwa pasi, viatu vinang'aa. Akasema anamtafuta madam. Nikamwambia madam bado yuko kazini, karibu ndani.

Kwetu mgeni haulizwi shida yake kabla hajala. Mama yangu alimlisha hata mtu aliyekuja kutufukuza kwenye kiwanja; alimaliza wali ndipo akatufukuza. Basi nikafungua kufuli, nikamnawisha, nikamwekea ugali na yule samaki niliyekuwa nimemtunzia mke wangu. Tuliongea kwa Kizulu chake na Kiingereza changu cha kubahatisha.

"Pap yako ngumu, baba."

"Huu ndio ugali. Pap yenu ni uji uliokata tamaa."

Alicheka mpaka akaweka tonge chini. Nikampenda. Akauliza madam hutoka saa ngapi asubuhi, nikamwambia. Akauliza hupita wapi, nikamwambia hupitia uwanja wa mbio za farasi kukwepa foleni ya roboti, zile taa za barabarani. Nikamwongezea na asiyoyauliza: kwamba mimi sitoki kabisa, na nikifika spaza, kile kiduka cha kona, kununua chumvi najiona nimesafiri.

Alinawa. Akajifuta kidole kimoja kimoja.

"Chakula kizuri, baba. Sasa mwambie madam ajitoe. Kile kiti kina mwenyewe. Ninyi ni watu wa heshima, ndiyo maana nimekuja mchana."

Akatoka, akafunga geti mwenyewe, polepole, kama mtu wa nyumba hii. Nilibaki nimeshika sahani yenye miba.

Mke wangu aliporudi nilimweleza kila kitu, hata la uji. Alisikiliza akiwa bado na mkoba begani.

"Ulimpa samaki wangu?"

"Mkia tu."

"Ukampa na njia yangu."

Akaenda kutikisa kufuli la geti, akarudi, akaenda tena kulitikisa.

"Twende polisi," nikasema.

"Tukawaambie nini? Kwamba mtu amekula akashukuru?" Akakaa kwenye kiti cha cherehani. "Niache?"

Nilitaka kumjibu vingine, ila hofu ilitangulia. "Acha, mama. Shule zitasimamiwa na mwingine."

Alfajiri ya siku ya usaili nilisikia harufu ya pasi. Alikuwa ananyoosha gauni lake la bluu. Nikatafuta viatu vyangu.

"Unakwenda wapi?"

"Nitakaa kwenye gari. Nikibaki hapa nitakufa mapema."

Tulipita njia nyingine. Kila roboti iliyowaka nyekundu nilihesabu ni yetu. Kila gari lililosimama ubavuni nilimtazama dereva wake mikono. Mke wangu alinicheka kidogo, kisha naye akaanza kutazama kioo.

Tulipofika ofisi ya wilaya sikuweza kukaa kwenye gari peke yangu, nikamfuata mpaka kwenye benchi la ukumbini. Ndipo akaja yule mgeni wangu, viatu vilevile, kifuani kitambulisho cha mwangalizi wa chama cha walimu. Mwangalizi hukaa kwenye usaili bila kuuliza swali. Kazi yake ni kuhakikisha haki inatendeka. Haki! Aliponiona alisita. Si nilimwambia mwenyewe kwamba sitoki?

Ulimi wangu ukiogopa hukimbilia adabu. Nilisimama, nikamshika mkono kwa mikono miwili, sauti ikanitoka kubwa kuliko nilivyokusudia.

"Karibu, baba! Yule samaki hakukudhuru? Madam alisikitika hakukukuta nyumbani!"

Mama mwenye miwani, mwenyekiti wa jopo, alisimama mlangoni.

"Mnajuana?"

"Hapana," akasema yule mtu. Mkono wake ulikuwa bado ndani ya mikono yangu.

"Alikula mezani kwangu juzi," nikasema, na hapo sauti ikawa ndogo. "Aliniuliza mke wangu hupita njia gani. Akasema ajitoe."

Mwenyekiti akamwambia kwamba mwangalizi aliyemtembelea mwombaji nyumbani kwake hawezi kukaa kwenye chumba kile, na kwamba maneno yangu yataandikwa. Yule mtu alinipitia karibu sana. "Asante kwa pap, baba," akaninong'oneza.

Mke wangu aliingia. Alipotoka tulitembea hadi kwenye gari.

"Ulipanga vile?"

"Niliogopa tu."

"Basi endelea kuogopa hivyohivyo," akasema, akanifunga mkanda kama mtoto.

Kazi aliipata. Sasa anazunguka shule za wilaya nzima, kila siku kwa njia tofauti, na simwambii mtu hata mojawapo. Nami niko nyuma ya cherehani. Geti likigongwa huzima moto wa sufuria, nikasimama nyuma ya pazia na kuuliza: nani, unatoka wapi, una shida gani. Yote hayo kabla ya karibu. Mama yangu angeona aibu. Ugali bado naupika wa kumtosha mgeni, ila siku hizi sipakui mpaka nisikie gari la mke wangu.