Masanduku Yaliyotangulia Likizo

Safari yangu ya Guangzhou ilianzia Tabora, ingawa wakati huo sikujua. Nyumba yetu ilikuwa jirani na stesheni, nami nilikuwa mtoto wa kutazama treni zikiondoka. Zilizoingia sikuzijali. Nilipomaliza kidato cha nne nikapanda mojawapo, nikashuka Dar es Salaam, nikaendesha pikapu ya duka moja la vipuri Kariakoo mpaka mwenye duka alipogundua kwamba akinituma Morogoro narudi kupitia Tanga. Baada ya hapo nikawa mfanyabiashara, kazi pekee inayomruhusu mtu asiyetulia ajiite mtu mzima.

Nilikwenda Dubai kununua redio. Nikiwa Dubai nikasikia Bangkok nguo ni rahisi, nikaenda Bangkok, nikakaa huko mpaka pesa yao ilipoporomoka na maduka niliyoyazoea yakafungwa moja baada ya jingine. Jamaa mmoja akaniambia, "Hivi unajua hizi nguo zinatoka wapi? Wewe unanunua kwa madalali. Panda juu kwa wenyewe." Nikapanda juu. Ndege mpaka Hong Kong, usiku mmoja katika chumba ambacho ukinyoosha miguu unafungua mlango, kisha treni.

Treni hiyo ndiyo iliyoniharibu akili. Dirishani yalipita mashamba ya mboga, madimbwi ya bata, mzee aliyekuwa akiosha miguu mferejini, vistesheni visivyo na soko. Nikatamani kushuka. Si kununua kitu, kushuka tu. Ndipo nilipogundua kwamba mimi, mzururaji niliyesifika ukoo mzima, nilikuwa sijawahi kwenda mahali ambako sikuwa na cha kununua. Dubai niliijua kwa maghala yake. Bangkok niliijua kwa ngazi za soko moja. Nikajiapia kwamba kabla sijazeeka nitafanya safari moja isiyo na mzigo. Treni haikusimama. Tukaingia Guangzhou, nikaanza kuuliza bei za jezi kabla sijauliza choo kiko wapi.

Ofisi tuliipanga watu watatu katika jengo la Tianxiu. Wa kwanza alikuwa Mkongo wa Lubumbashi, wakala wa kusafirisha makontena, mtanashati, anayepiga pasi hata soksi. Wa pili alikuwa mama wa Kizanzibari, mkubwa kwetu kwa umri na kwa sauti, aliyenunua vyombo vya jikoni na nguo za watoto. Asubuhi alikuwa soko la nguo la Shahe akisukumana na watu mara mbili ya ukubwa wake, na saa ya adhuhuri amerudi, ameswali, anatutukana. Wa tatu nilikuwa mimi.

Ukutani Mkongo alitundika kalenda aliyotumiwa na dada yake, ambaye ameolewa na mfugaji wa bata katika vijiji vya Ufaransa. Picha ilikuwa ya barabara nyembamba yenye miti huku na huku. Hakuna mtu, hakuna gari, hakuna hata mbuzi.

"Watu wake wamekwenda wapi?" Mama aliuliza siku ya kwanza kuiona.

"Bako kwao, Maman. Kule mutu anakaa kwake."

Mtu aliyeishi Guangzhou ataelewa picha ile ilivyonifanya. Mji mzima hapakuwa na mahali pa kusimama bila kuguswa bega. Kila nilipokunywa chai niliitazama barabara ile, na siku moja nikasema kwa sauti: twendeni. Tukodi gari, tuzunguke vijijini wiki mbili, tulale tutakapochoka.

"Likizo?" Mama akaweka kikombe chini. "Likizo nani kakupa? Bosi wako nani?"

"Hapa kila mtu ananiita laoban, Mama. Mimi ndiye bosi. Nimejipa."

"Bosi wa nini, na suruali hiyo?"

Lakini Mkongo alikuwa keshawaka. Akavuta kiti. Dada yake atatuandikia mwaliko, tutafikia kwake, tutakula bata. Na kila kijiji, alisema, kina jibini yake, haifanani na ya jirani.

"Inanuka?" Mama akauliza.

"Inanuka, Maman, lakini njo uzuri yake."

"Kwa hiyo tutoke China, tulipe ndege, tukanuse maziwa yaliyooza." Akanywa chai. "Na hao bata nani atawachinja? Nyie wawili mtanilisha haramu huku mnacheka. Basi nami nakuja. Nitachinja mwenyewe."

Ndivyo Mama alivyoingia katika likizo, kama msimamizi wa machinjo.

Mpango tuliupanga kwa akili zetu za mizigo, maana nyingine hatukuwa nazo. Mkongo aliuliza siku ngapi njiani na siku ngapi bandarini. Nikamwambia hakuna bandari, tunakwenda kutazama. "Kutazama nini?" akauliza, yeye mwenye kalenda. Ikabidi tuandike sharti: katika safari hii hakuna anayenunua kitu. Hata kanga ya Kifaransa, kama ipo.

Kikabaki kikwazo kimoja. Dereva alikuwa mimi peke yangu. Mkongo alisema kwao mtu wa heshima hukaa kiti cha nyuma, na Mama aliwahi kuendesha vespa ya marehemu mumewe mara moja, mpaka ukutani. Mimi nilijifunza kwetu, kushoto. Ufaransa wanakwenda kulia.

"Hakuna mzigo bila sampuli," Mama akakata shauri. "Huku nako kulia. Tukodi gari siku moja twende mashamba, uendeshe kidogo. Likizo ikitushinda hapa, tutakuwa tumeokoa nauli."

Jumapili hiyo Mama alikusanya kalkuleta zetu zote tatu akazifungia kabatini. Guangzhou bila kalkuleta wewe ni bubu: bei huulizi kwa mdomo, unaonyeshwa namba, unaifuta, unaandika yako, muuzaji anashika kifua kana kwamba umempiga risasi. Tulishuka mikono mitupu, tukajiona watalii.

Dereva wetu alikuwa mzee mchangamfu mwenye gari dogo la abiria. Sisi tulimwita shifu, fundi, kama wanavyoitwa madereva huko. Mkongo alimweleza kwa Kichina chake cha bandarini kwamba tunataka mashamba. Shifu akaitikia kwa furaha. Tukatoka mjini, mabanda ya viwanda yakapungua, mboga zikaanza. Kwenye njia ya vumbi kando ya madimbwi ya bata shifu akasimama, akanipa usukani, akawasha sigara.

Kwa dakika chache nilikuwa Ufaransa. Njia ilikuwa tupu, miti michache, bata wapo. Mkongo nyuma akiniimbia kwa Kifaransa nishike kulia, ndugu yake, kulia: "À droite, mon frère, à droite!" Kisha kwenye kona likatokea gari la magurudumu matatu lililojaa nguruwe, na mkono wangu ukanipeleka kwetu, kushoto, moja kwa moja mbele yao.

"Wallahi nikifa mbele ya nguruwe sitakusamehe!" Mama akapiga yowe.

Nilipiga breki. Nguruwe wa mbele na Mama wakatazamana dirishani, karibu kuliko desturi. Shifu akacheka mpaka sigara ikamdondoka, akachukua usukani wake.

Hapo ndipo alipotufanyia hisani. Katika maisha yake yote shifu hakuwahi kukodiwa na mgeni asiyetaka kununua, na aliona tumeona haya kusema. Akatupeleka Shiling, mji wa mabegi, hadi getini kwa kiwanda cha jamaa zake. Tulipozinduka, mwanamke mwenye koti jeupe na kalkuleta mkononi alikuwa ameshafungua mlango wa gari.

"Tunatazama tu," nikawaambia wenzangu. "Kutazama si kununua."

Mle ndani, juu ya rafu, kulikuwa na sanduku la rangi ya kahawia, kona za ngozi, mikanda miwili ya kufunga. Lilikuwa sanduku la ile barabara. Mtu mwenye sanduku lile angeweza kushuka kwenye kijiji chochote na wasimuulize amekuja kufanya nini. Nikanyoosha kidole kimoja.

Mwanamke akafurahi. Akaandika katoni moja. Nikatikisa kichwa, nikanyoosha kidole kilekile. Akaandika dazeni moja. Nikatikisa tena, nikashika sanduku, nikajipiga kifuani: moja, langu, mimi. Akamwita mwenye kiwanda. Mwenye kiwanda akaja, akanitazama kama daktari, akaeleza, na Mkongo akatafsiri: "Anasema hapa moja hakuna. Mutu anayetaka sanduku moja aende dukani. Na duka bananunua hapa."

"Buyao," nikasema. Sitaki. Nikageuka kwenda mlangoni, na nilikuwa namaanisha.

Lakini Guangzhou nzima neno hilo ndilo linalofungua biashara. Mwanamke akatufuata na kalkuleta. Bei ikashuka mlangoni. Ikashuka tena penye ngazi. Kadiri tulivyozidi kutotaka, ndivyo ilivyozidi kushuka, maana hawakuwahi kukutana na wanunuzi wagumu namna ile. Mama alikuwa nyuma yangu, ananing'ang'ania shati.

"Usigeuke, mwanangu. Ukigeuka umekwisha. Tembea."

Tukatembea. Tukafika getini. Nikasikia namba ya mwisho ikitajwa, kisha sauti ya Mama, nzito, kama mtu aliyeona malaika:

"Hebu rudia."

Aligeuka yeye. "Bei hii kuiacha ni dhambi," alisema baadaye, na hakuwahi kujuta. Mkongo naye, badala ya kutuokoa, alikumbuka kwamba ana kontena la Dar es Salaam lililojaa nusu tu. Kila mtu alitoa alichojaliwa: mimi tamaa, Mama bei, Mkongo nafasi. Jioni tulirudi mjini tumekalia risiti, na fedha za safari ya Ufaransa zimekuwa masanduku. Moja niliruhusiwa kulichukua mkononi, kama zawadi.

"Masanduku yametangulia likizo," Mama akasema garini. "Sisi tutafuata."

Hatukufuata. Masanduku yalifika Kariakoo yakaisha kabla hatujajua yamefika, oda ikaja nyingine kubwa zaidi, kisha nyingine. Niliwauzia watu safari zao zote: Makka, Muscat, London, fungate ya Mombasa. Mimi nilikwenda Shiling na kurudi. Yule mwanamke wa koti jeupe akawa ananipigia simu kunitakia mwaka mpya. Sanduku langu lilikaa chini ya kitanda, ndani nimeweka ile picha ya barabara, maana kalenda ilipokwisha mwaka Mkongo alitaka kuitupa.

Halafu Mkongo akaondoka. Alifunga biashara yake, akapiga pasi soksi zake, akaenda kwa dada yake, na kabla ya kwenda akanisukuma nikaomba viza kwa mwaliko uleule. Nilipata. Nikaiweka ndani ya sanduku, nikaenda Shiling. Kila nilipotaka kuondoka palikuwa na oda ya kumalizia, na tarehe kwenye viza ilikuwa ikinikaribia.

Siku moja simu ikalia. "Viza yako itakufa, mon frère," sauti yake ikasema kwa mbali, na bata nyuma yake. "Hata hawa bata beko nangojea mpaka banazeeka. Mimi gari niko nayo. Dereva hakuna."

"Kuna oda ya Idi. Niimalize kwanza."

"Eeh. Na kisha ile ingine. Bakikuzika, ukumbuke kuuliza sanduku beko nauzaje."

Akakata. Mama, aliyekuwa akisikiliza bila aibu, hakutukana, na hilo lilinitisha kuliko kelele zake zote.

"Nipe mimi hiyo Shiling," akasema. "Oda, kiwanda, yule kidosho wako wa koti jeupe, vyote. Nenda."

"Na wewe, Mama? Tulisema watatu. Nani atachinja?"

"Miye mashamba nimeshayaona. Nimetazamana na nguruwe, yatosha. Likizo yangu nitaimalizia kaburini, huko hawauzi kitu." Akanyoosha kitambaa chake. "Lakini wewe ukibaki utanifia hapa, na gharama za kukusafirisha nazijua."

Nikampa Shiling. Chumba nikakirudisha kwa mwenyewe, viatu vya ziada nikamwachia mlinzi. Sikukusudia kurudi, na sikurudi.

Siku ya kuondoka Mama alinisindikiza uwanja wa ndege, akanivuta pembeni kama mtu anayetaka kutoa dua.

"Sikiliza, mwanangu. Huko nasikia wana manukato. Niletee vichupa vitatu. Sampuli tu."

"Mama!"

"Viwili."

"Buyao," nikasema, nikaanza kutembea.

"Kimoja!" akapaza sauti. Watu wakageuka, mimi sikugeuka. "Haya, kitupu! Ninuse tu!" Nikaendelea. "Picha yake, basi!" Sauti ilikuwa inacheka, kisha sikuwa na hakika kama bado inacheka. Nilijua nikigeuka nimekwisha, na ni yeye aliyenifundisha.

Nikaweka sanduku kwenye mizani. Miaka yote nilifika hapo nikiwa na maboksi yaliyozidi kilo, nikibembeleza yapite, nimevaa majaketi matatu ili kupunguza uzito. Mshale ukanyanyuka kidogo, ukatulia. Binti wa kaunta akainama kutazama nyuma yangu, akatafuta toroli, akatafuta wenzangu.

"Mizigo mingine?"

"Hakuna."

Akalitikisa sanduku kidogo, likasikika kitu kimoja kikigongagonga ndani, pengine mswaki. Akafunga lebo kwenye mkanda wa ngozi, likaondoka peke yake.