Yapimwe Yanayotoka

Juzi, kwenye foleni ya kutoa maoni kuhusu kanuni mpya katika ofisi ya maji hapa Morogoro, mama mmoja alitandaza juu ya kaunta shati jeupe la shule lililogeuka samawati.

"Nimelifua mtoni, chini ya kiwanda cha nguo."

Karani akasema, "Mama, kanuni zinazopendekezwa zinataka yapimwe maji yanayoingia kiwandani tu. Yakiwa safi, mwekezaji anapata cheti na kibali chake haraka."

"Mwanangu, kwetu hata anayefua nepi hushuka chini ya wanaochota. Andika: yapimwe yanayotoka."

Karani alilitazama shati, akaandika.

Soko huria limeharakisha kila kitu isipokuwa kufua. Nyumbani niliacha beseni zima la nguo chafu, lakini nilisubiri zamu yangu nikamwambia karani aandike hivyo hivyo. Nyuma yangu foleni nzima ilishajua la kusema.