Picha za Stesheni

Nimefungua kopo la biskuti alimoficha baba picha zake za rangi. Bado linanuka omena, dagaa wa ziwa letu.

Reli haijawahi kufika kwetu Homa Bay. Baba alifanya kazi ya reli Kisumu, akija likizo anatuonyesha picha alizopiga za stesheni: Kibos, Koru, Muhoroni. Siku moja tukila, mama akamwomba, "Baba watoto, tupige picha na sisi, hata moja tu."

"Filamu ni ya stesheni," akajibu, bila hata kumwangalia.

Nilikasirika. Nikakandamiza kidole chenye mafuta ya omena katikati ya picha ya Muhoroni. Alinichapa mpaka nikajikojolea.

Leo nimezipekua zote. Mama hayumo, mimi simo. Kuna alama ya kidole changu tu pale Muhoroni, na siifuti.