Siku Dada Aliponyolewa Rasta

Juzi nilikwenda Mabawe kwenye harusi ya binti wa shangazi. Baada ya misa, kijana wa kwaya mwenye rasta hadi mabegani alishika kipaza sauti, akawachania maharusi mistari ya rap mbele ya padri, na padri akapiga makofi. Watu walishangilia. Mimi niliweka soda chini.

Wewe wa rika langu utanielewa. Tulikulia kijijini Keza, enzi za kaseti. Dada na mimi tulikuwa na kazi ya kuanika kahawa kwenye majamvi na kufukuza kuku. Tukidhani tumebaki peke yetu, dada alirudisha kaseti nyuma kwa kalamu ili kuokoa betri, akawasha redio, na sauti za vijana wa Dar zikaanza kufoka uani kwetu huku maharage yakichemka jikoni. Halafu alichana ya kwake, Kiswahili juu ya Kihangaza, lugha ya kwetu, nami nikimwitikia. Alisokota rasta, akavaa suruali pana ya mtumba. Wenzake walikuwa wanne, wenye rasta kama yeye, wakikutana nyuma ya mashine ya kusaga. Kijiji kiliwaita wahuni. Baba, ambaye alikuwa katekista, hakuwaita chochote. Aliacha tu kuongea na dada.

Asubuhi moja kahawa ya jirani ikaibwa, magunia mawili. Kabla ya saa sita sungusungu, walinzi wa kijiji, walikuwa uani kwetu na fimbo. Wenzake wawili wa dada walikuwa wamefungwa kamba, mmoja akitoka damu puani.

"Shikamoo, katekista," alisema kiongozi wao.

"Marahaba."

"Tumemfuata binti. Hawa wenye rasta ndio wezi wetu."

"Sijaiba," alisema dada. Mama alikuwa amemshika mkono kwa nguvu.

"Mwanangu si mwizi," baba alisema.

"Basi mbona nywele zake ni kama zao?"

Fimbo moja ilikuwa imeshainuliwa. Baba aliingia ndani, akatoka na mkasi wa kushonea.

"Nikizikata, mtamwacha?"

Walitazamana. "Tutamwacha."

Dada alipiga magoti bila kuambiwa. Mkasi ulikuwa butu. Baba alikata rasta mojamoja, akamjeruhi nyuma ya sikio. Dada hakulia. Sungusungu walisubiri hadi ya mwisho, kisha wakaondoka na wale wawili.

Wiki iliyofuata magunia yalikutwa kwa mpwa wa jirani mwenyewe. Hakuna aliyekuja kutuomba radhi. Dada aligawa kaseti zake zote, na baadaye akaolewa Bisibo.

Leo rasta ni mtindo wa saluni, na kuchana ni kazi ya mtu kujivunia. Nawafurahia vijana hawa, ingawa hawajui wengine walilipa gharama gani.

Kabla baba hajafariki, dada alikuja kumuuguza. Jioni moja baba alimwambia, kwa sauti ndogo, "Mwanangu, nichanie ile mistari yako. Nilikuwa nasikiliza nikiwa chumbani."

Dada alimsogelea kitandani. Alianza, akakwama. Akaanza tena.

"Nimesahau, baba."

Akanigeukia. Nilipiga mapigo kwa vidole kwenye ubao wa kitanda, nikitafuta walau neno la kwanza. Mapigo nilikuwa nayo yote. Neno halikuja.