Nepi Zilizotiwa Wanga

Katika mwaka wote ule wa uasi, miaka minne baada ya uhuru, siku ninayoikumbuka kuliko zote, mwanangu, ni siku jirani yangu aliponifunga nepi shingoni. Cheka tu. Mimi mwenyewe siku hizi nacheka, lakini siku ile nilitamani ardhi ipasuke nizame.

Nianze mwanzo. Nilikuwa msichana wa miaka kumi na tisa, mke wa karani, hapa hapa Kisangani, wakati mji ulikuwa bado unaitwa Stanleyville. Tangu kabla ya uhuru masista walikuwa na nyumba ya kuwafundishia wake za makarani, tukiiita foyer. Huko nilijifunza kushona, kupika supu ya kizungu, kupanga meza na kufua. Kwa kufua niliwashinda wenzangu wote. Nilipewa cheti chenye muhuri, nikakitundika ukutani. Mashati ya mume wangu niliyatia wanga wa muhogo, nikayapiga pasi ya makaa mpaka yakasimama yenyewe. Watu wakimwona anapita asubuhi, walijua ametoka nyumba ya namna gani. Nilikuwa na maringo, sikufichi.

Georgette, mtoto wetu wa kwanza, alikuwa na miezi minne waasi walipoingia mjini. Walikuwa wanawatafuta makarani wa serikali wawaue, kwa hiyo mume wangu akaondoka kwa miguu kwenda kwa ndugu zake Banalia, akaniachia mtoto, nusu gunia la muhogo na mashati sita. Maduka yalifungwa. Daktari alikimbia, na zahanati yetu ikabaki mlango wazi na makabati matupu. Mchana tukisikia risasi tulilala chini, zikinyamaza tunaamka, tunaendelea kupika.

Sasa mwanamke aliyeachwa peke yake katika mambo kama hayo afanye nini? Mimi nilifua. Mashati hayakuwa na mtu wa kuyavaa, basi wanga wote nikauhamishia kwenye nepi. Nilizichemsha, nikazitia wanga mzito, nikazipiga pasi mpaka zikakunjika kama bahasha. Mji mzima ulikuwa umevurugika, na zile nepi kumi na mbili zilikuwa kitu pekee kilichonitii. Juu ya nepi nilimvisha mtoto chupi ya mpira aliyonunuliwa na baba yake dukani kwa Mgiriki, ili asilowanishe watu wanaombeba.

Mtoto akaanza kuwa mwekundu mapajani. Nikampaka poda. Wekundu ukapanda matakoni. Nikaongeza poda, nikamsugua kwa sabuni, nikaibana nepi zaidi ili uchafu usiingie. Poda ilipokwisha nikamwekea unga wa muhogo uliochekechwa. Ndiyo, mwanangu, unga! Baada ya wiki mbili ngozi ilikuwa imechubuka, inatoa maji, na mahali pawili ilikuwa inatoa damu. Kila nilipomfungua alilia mpaka sauti ikakatika. Nilijua kidonda kikitunga usaha hakuna sindano mji mzima, na naweza kumzika mwanangu kabla baba yake hajarudi. Nilijua hivyo, na bado sikumwambia mtu, kwa sababu niliona mwanamke mwenye cheti hapaswi kuwa na mtoto mwenye vidonda matakoni. Hapo ndipo nilipokosa, na mpaka leo naona haya kulisema.

Jirani yangu wa ukuta kwa ukuta alikuwa Mama Aziza, mjane Mwislamu wa zile familia za zamani zilizofika hapa na biashara enzi za babu zao. Asubuhi alikaanga mikate ya kuuza, na hakuwa na muda wa maneno mengi. Siku hiyo aliingia bila hata kubisha hodi, mikono bado ina unga.

"Mama Georgette, mutoto iko na nini? Kila saa unamubadilisha, analia sawa vile wanamuchoma."

"Hakuna kitu, mama. Iko meno."

"Meno?" Alimtazama mtoto, akanitazama mimi. "Meno inamuotea kwa matako?"

Akamfungua mwenyewe. Alipoona, alimgeuza taratibu kwenye mwanga, akaangalia kila kidonda. Kisha akachukua nepi safi kutoka kwenye rundo langu, akaipitisha shavuni mwake.

"Hii iko kitambaa ya mutoto ao karatasi ya biro ya bwana yako? Unaitia nini?"

"Amidon, mama," nikasema, maana wanga tuliuita kwa Kifaransa. "Masista walitufundisha."

"Masista walikufundisha chemise, shati ya bwana. Nani alikufundisha matako?"

Ni kweli masista hawakuwahi kutaja nepi. Kutia wanga kwenye nepi ulikuwa ufundi wangu mwenyewe. Mama Aziza akailowesha ile nepi ndooni, akaikamua, akanifunga shingoni kwa pini mbili, kisha akaniwekea mbele yangu kinu na pondu, yale majani ya muhogo.

"Twanga mpaka iishe. Usiitoe."

Akambeba mtoto, akaenda kukaa naye kivulini.

Unalijua joto letu, mwanangu, na unajua kutwanga pondu. Kabla majani hayajalainika, wanga ulikuwa umegeuka utelezi, pindo linanikata chini ya sikio, na jasho likiingia hapo linachoma. Nilijikuna, nikaacha, nikajikuna tena. Nilipomaliza alinifungua, akanigusa shingo kwa kidole kimoja, nikaruka.

"Iko nyekundu," akasema. "Na wewe uko na mikono ya kujikuna. Yeye iko na nini?"

Nikaangua kilio. Nilimlilia mtoto, nikamlilia baba yake ambaye sikujua kama yu hai, nikazililia zile wiki mbili nilizomtesa mwanangu huku nikidhani namtunza. Mama Aziza aliniacha nilie kidogo tu, kisha akanituma kuchemsha maji.

Dawa yake ilikuwa rahisi hata nikaona aibu. Kwanza nepi zote na ile chupi ya mpira zilifungiwa sandukuni. Maji yalichemka, yakapoa mpaka yakawa vuguvugu, tukammwagia mtoto bila sabuni wala kusugua. Tulimkausha kwa kumgusagusa na kikwembe cha zamani cha Mama Aziza, kitambaa alichokuwa akijifunga kiunoni na kukifua miaka mingi mpaka kikawa laini. Kisha tukamlaza uchi mkekani, karibu na mlango wa nyuma, ngozi ipate hewa. Akikojoa tunamwosha palepale na kumbadilishia kitambaa. Ngozi ilipokauka alipakwa mafuta kidogo ya kokwa za mchikichi, ili mkojo usimguse.

"Watu watasema mutoto wa karani anakaa uchi sawa basenji," nikamwambia. Basenji ndivyo tulivyowaita watu wa kijijini, sisi tuliojiona tumestaarabika.

"Bon, waseme. Ni wao wanalia saa ya kumuosha?"

Siku ya kwanza haikuonyesha kitu. Siku ya pili nusura nilifungue sanduku, maana mkono wangu ulizoea kufunga. Siku ya tatu kidonda kikaacha kutoa maji. Siku ya tano nikamwosha, nikasubiri kilio, kilio hakikuja. Aliniangalia tu, akashika kidole changu, akakitia mdomoni. Mchana huo alilala muda mrefu hata nikaenda mara nne kusikiliza kama anapumua. Mara ya nne nikajilaza sakafuni kando yake, nikashukuru Mungu kwa sauti. Risasi zilikuwa bado zinasikika upande wa mto, na mimi nikasinzia.

Baba yake alirudi njia ilipofunguka, ndevu zimeota, miguu imevimba, amevaa shati la mtu mwingine. Na unajua hofu yangu ya kwanza ilikuwa nini? Kwamba amemkuta mtoto matako wazi. Nikaanza kujieleza mambo ya nepi, ya wanga, ya Mama Aziza. Hakunisikiliza. Alimnyanyua Georgette juu, na Georgette akamkojolea kuanzia kidevu mpaka tumboni. Mume wangu akasimama palepale, analowana, machozi yanamtoka.

"Bon," akasema. "Sasa nafika kwangu."

Basi, mwanangu, nimesikia mtoto wako naye ana wekundu usiotaka kuondoka, na wewe umekaa kimya. Nepi za siku hizi zinatoka dukani, lakini matako ni yaleyale. Mbadilishe mara anapolowa, usingoje nepi ijae eti uokoe moja. Mwoshe kwa maji matupu, mkaushe bila kusugua, usimfunge kwa kumbana, na kila siku mwache akae uchi kwa muda, halafu umpake mafuta mazito. Kama nepi zako ni za kitambaa, zisuuze mpaka povu liishe kabisa. Unga uache jikoni, na poda iache dukani. Ukiona usaha, malengelenge au homa, au siku tatu zikipita bila nafuu, usifanye kiburi kama mimi: mpeleke kituo cha afya siku hiyohiyo, maana leo muuguzi yupo na dawa ipo. Na usiwafiche watu. Mtoto hajui majirani wanamsifu mama yake kwa lipi. Yeye anajua anaungua au haungui, basi. Mimi nilikuwa na jirani aliyeingia bila hodi, na wewe huenda huna wa namna hiyo, kwa hiyo toka wewe ukaulize.

Haya, mlete nimwone. Mungu ampoze ngozi, ampe miguu ya kukimbia, na akupe wewe maisha marefu ya kumkimbiza.