Mzigo Uliotulia Hewani

Karakana nzima ilimwita Mama Juu. Kazi yake ilikuwa huko juu kweli, ndani ya kibanda cha bati na vioo kilichoning'inia chini ya winchi kubwa, ile inayotembea kwenye reli karibu na paa na kubeba vyuma ambavyo mafundi wote wakishikana wasingevisogeza. Asubuhi akipanda ngazi, walimtania: "Mama Juu, utusalimie malaika!" Naye hakukosa jibu. "Niliwataja jana, wakasema nyinyi hawawajui."

Mumewe alifanya kazi chini yake. Ndiye aliyefunga mizigo kwa minyororo, na ndiye aliyemwelekeza mkewe kwa ishara: kidole juu, pandisha; kiganja chini, shusha; ngumi, simama hapo hapo. Zamani, kabla hawajaoana, alichokiona Mama Juu kutoka kibandani kilikuwa kofia ya njano na mikono miwili, basi. Alimpendea mikono ile kabla hajaijua vizuri sura yake. Ndiyo maana alimwita Kofia, hata nyumbani, hata mbele ya mama mkwe. Bibi huyo mwanzoni alikunja uso, lakini haukupita muda mrefu naye akajikuta akiita, "Kofia, njoo ule."

Waliishi watatu katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha magodoro. Mtoto hawakujaliwa. Wakigombana asubuhi, walikwenda kazini kila mtu na upande wake wa barabara, lakini wakishafika ilibidi waelewane tu, maana chuma hakijui kununa. Ugomvi mwingi ulikufa pale pale. Kofia alimaliza kuelekeza mzigo, akaweka mkono kifuani na kuinamisha kichwa kidogo, na mkewe kule juu akagonga kengele mara moja. Yameisha.

Winchi yenyewe ilikuwa imezeeka. Waliikuta walipoajiriwa, na hata wakati huo haikuwa kigori. Ukipandisha mzigo ukaachia wenzo, ule mkono wa kuendeshea, mzigo haukusimama; uliteleza kidogo kama mtu anayesinzia kwenye kiti, ndipo breki ikashika. Mama Juu alisema. Msimamizi akampelekea meneja, meneja akasema ukaguzi mkubwa utafanyika, winchi itafunguliwa yote na kukarabatiwa, kazi zikipungua. Kazi hazikupungua. Akasema tena, akajibiwa yale yale, na mtu akijibiwa yale yale mwisho huchoka kuuliza.

Basi akajifunza kuudaka. Mzigo ukianza kuteleza, aligusa wenzo wa kupandisha, kidogo tu, ukatulia. Alifanya hivyo kwa wepesi ambao aliye chini hakuweza kuutambua. Wageni walioletwa kutembezwa karakanani walionyeshwa kwa kidole: "Mnamwona yule mama? Anaweza kutua injini juu ya yai." Kofia akisikia hivyo alivimba kichwa siku nzima.

Siku ilipofika ilikuwa asubuhi kama asubuhi nyingine. Walikuwa wakishusha rola la chuma likae juu ya magogo. Kofia akaona gogo moja limekaa upande, akakunja ngumi: simama. Akainama kulisogeza kwa mguu, halafu kwa mkono. Rola likateleza. Mama Juu akalidaka kama alivyodaka kila siku.

Safari hiyo halikudakika.

Waliokuwepo wanasema Mama Juu hakupiga kelele. Kengele ya winchi ndiyo iliyolia, ikalia bila kukatika, mpaka fundi mmoja akapanda kuuondoa mkono wake pale ulipoganda.

Kwenye msiba wa Kofia watu walisema wanayosema watu. Ajali haina kinga. Kazi ya Mungu. Mama Juu aliitikia, akashika mikono iliyonyooshwa, asikumbuke ni ya nani. Mama mkwe alikaa kwenye mkeka akitazama ukuta. Siku watu walipoanza kutawanyika, alimgeukia mkwewe na kumuuliza jambo moja tu.

"Wewe ndiye uliyekuwa umeshika?"

"Ndiyo, mama."

Tangu hapo waliongea ya chumvi na ya maji, lakini jina la Kofia halikutajwa ndani ya nyumba ile.

Winchi ilifungwa, na ule ukaguzi uliokosa nafasi muda wote huo ukapata nafasi ndani ya wiki. Wakaja wakaguzi na vifaa vyao, wakiongozwa na injinia mmoja mpole, aliyekuwa na tabia ya kufuta miwani kila mara kabla ya kusema. Walihitaji mtu anayeijua mashine. Hakuna aliyethubutu kumwita Mama Juu, alikwenda mwenyewe. Kaka yake alijaribu kumzuia.

"Dada, unakwenda kutafuta nini kule?"

"Nataka kuiona ndani. Umri wangu wote nimekaa nayo, ndani sijawahi kuiona."

Hakusema lililokuwa likimnyima usingizi. Kila akifumba macho aliuona mkono wake kwenye wenzo, akajiuliza kama siku ile ulichelewa.

Waliifungua vipande vipande. Waya za chuma ziliteremshwa na kupimwa unene. Ndoano ilioshwa, ikapakwa dawa nyekundu inayoingia kwenye ufa usioonekana kwa macho, na ufa ukaonekana, mwembamba kama unywele. Boriti zilikwanguliwa kutu, zikagongwa na kusikilizwa. Mama Juu alisimama kando na kueleza kila alichoulizwa: inapiga kelele wapi, inavuta upande gani, tangu lini. Hatimaye wakaishusha breki na kuilaza juu ya meza.

"Hii ndiyo breki?" aliuliza.

"Ilikuwa," alisema injinia. Pedi zilikwisha kabisa, chuma kilikuwa kikisuguana na chuma, na springi ilikuwa imelegea kama ya kitanda kibovu.

"Kwa hiyo si mkono wangu."

Injinia akavua miwani. "Mama, mkono wako haukuangusha kitu. Hii isingeshika, hata angekuwa nani kule juu."

"Lakini?"

"Sijasema lakini."

"Uso wako umesema."

Akavuta sanduku, akakaa ili asiongee naye akiwa amesimama. "Breki ya namna hii, kwa mwendeshaji mwingine, ingekwisha kuangusha kitu zamani. Kipande cha chuma kikavunja sakafu, watu wakaogopa, winchi ikafungwa siku hiyo hiyo. Wewe ulikuwa unaudaka mzigo. Kila aliyetazama aliona umetulia."

Mama Juu alishika ukingo wa meza. "Nilificha ugonjwa wake."

"Ulisema, mama. Ulisema zaidi ya mara moja. Wapo waliopaswa kusikia, na hilo nitalisema mbele yao."

Alilisema kweli, na meneja aliondolewa. Mama Juu aliposikia habari hizo hakujua afanye nini nazo. Walisema ajali haina kinga, kumbe kinga ya hii ilikuwa breki ile juu ya meza. Ungepewa mpya, ungeibeba kwa mkono mmoja.

Ukarabati ulichukua muda. Winchi ilirudishiwa waya mpya, ndoano mpya, breki mbili badala ya moja, ili ya kwanza ikishindwa ya pili ishike. Ikapakwa rangi, ikawa kama bibi harusi. Siku ya majaribio waliweka matofali makubwa ya zege, mazito kuliko mzigo wowote uliowahi kubebwa pale, na watu wote wakasogezwa mbali. Injinia alimuuliza Mama Juu kwa sauti ya chini kama angependa kuendesha yeye. Akapanda.

Alipandisha, akaachia wenzo. Kidole chake, kwa mazoea, kikakimbia kudaka.

Hapakuwa na cha kudaka. Matofali yalisimama hewani, kimya, hayakushuka hata unene wa ukucha. Aliyatazama akingoja yateleze, hayakuteleza. Hakuwahi kuona kitu kimetulia namna ile. Kumbe ni hivi tu. Kumbe iliwezekana, siku zote, na Kofia kule chini angenyanyuka, angepangusa magoti, angesonga mbele na siku yake. Chini watu walipiga makofi. Juu, ndani ya kioo, Mama Juu alilia kilio ambacho msibani kilikataa kutoka.

Aliposhuka alimwambia msimamizi kwamba hatapanda tena. Wakampa kazi ya kufundisha waendeshaji wapya, na la kwanza anawaambia hili: mzigo ukiteleza usiudake, uteremshe, shuka, sema, na wasiposikia usipande tena. Wao humwona mkali.

Jioni ya siku ile ya majaribio alimsimulia mama mkwe yote, la breki na la kudaka, bila kujipunguzia. Bibi alisikiliza hadi mwisho, huku chakula kikipoa.

"Angekuwepo angekutetea," alisema.

"Angenitetea, mama."

"Mimi sina nguvu za kukutetea, mwanangu. Za kukushtaki pia zimekwisha." Akamsogezea bakuli. "Kula."

Wakala, kila mmoja akitazama sahani yake.